Chupa Nne Dirishani

Kizibo cha shampeni hakitakiwi kulia. Nyinyi mnaoanza kazi kwenye hoteli za mji huu mmeona kwenye televisheni mtu anatikisa chupa, kizibo kinaruka mpaka darini, povu linamwagika na watu wanashangilia. Huyo ameshinda mbio za magari, mwacheni. Wewe ni mhudumu. Unabandua karatasi ya shingoni, unalegeza waya, na tangu hapo kidole gumba chako hakitoki juu ya kizibo hata jengo likishika moto. Mkono mmoja unakamata kizibo, mwingine unakamata kitako cha chupa, na chupa umeilaza kidogo. Unazungusha chupa, huzungushi kizibo. Hewa iliyofungwa mle ndani inasukuma kuliko ya tairi la gari, kwa hiyo kizibo chenyewe kinataka kutoka. Kazi yako ni kukizuia kisifanye haraka. Kikitoka vizuri utasikia pumzi tu, kama ya mtu anayekaa baada ya kusimama siku nzima.

Hayo alinifundisha Anselmo, Mreno mfupi aliyekuwa mkuu wa mvinyo katika hoteli niliyoitumikia miaka ishirini na minne, pale katikati ya London. Alinifundisha baada ya kosa, maana kabla ya kosa hakuwa anajua kama nipo. Nilikuwa mwosha vyombo. Siku hiyo wahudumu wawili waliugua, nikavishwa koti jeupe lililonibana makwapani na kusukumwa ukumbini. Nikafungua chupa ya kwanza maishani mwangu, na kizibo kikampiga mpiga piano sikioni. Aliendelea kupiga, lazima nimsifu, ila wimbo ulipinda kidogo. Anselmo akanishika ukosi mpaka chini ghalani, akaniwekea mbele chupa kumi na mbili za mvinyo wa bei nafuu wenye povu, akasema, "Fungua zote. Nikisikia sauti, unarudi kwenye masufuria."

Sikurudi kwenye masufuria. Ile ya kumi na mbili ilipotoa pumzi yake, Anselmo akauliza jina langu. Nikamwambia Kamugisha. Akauliza natoka wapi, nikamwambia Bukoba. Akauliza huko tunakunywa nini.

Nikamweleza rubisi. Baba yangu alikuwa anakamua ndizi mbivu kwa majani kwenye mtumbwi wa mbao, anatia mtama uliokaangwa, anafunika kwa majani ya mgomba, na sisi watoto tulikuwa tunaweka sikio kwenye ubao kusikiliza jinsi pombe inavyochemka bila moto. Anselmo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi shampeni unaijua tayari. Tofauti ni kwamba wao wanaifungia ndani ile sauti."

Hivyo ndivyo nilivyopata ufunguo wa ghala, na nawaambia kweli, sijawahi kuwa mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa na ufunguo ule. Ghala letu lilikuwa ghorofa mbili chini ya barabara. Giza, ubaridi usiobadilika, chupa zimelala ili kizibo kilowe kisikauke. Nilijifunza kutembea taratibu kwa sababu mvinyo haupendi kutikiswa. Nilijifunza kwamba shampeni kuukuu ikipoozwa kama soda inakufa ganzi: mpe mgeni ikiwa baridi kama maji ya mtungi, basi. Nilijifunza kuacha zile glasi nyembamba kama mirija ambazo watu wanazipenda kwa picha, na kutumia glasi yenye tumbo na mdomo uliofumba kidogo, ili harufu ipate pa kukaa. Na glasi yenyewe usiache sabuni ndani yake. Isuuze kwa maji ya moto, ifute kwa kitambaa cha kitani. Mabaki ya sabuni yanaua povu, halafu mgeni anadhani chupa ni mbovu, na wewe unaapa kwamba si mbovu, kumbe mbovu ni wewe.

Sasa nikiwaambia niliyajua haya yote, mtauliza kwa nini sikuwa mkuu wa mvinyo baada ya Anselmo. Ndicho nilichokaa kuwaeleza. Sababu ni Furaha.

Furaha alikuja hotelini kama mfuta glasi. Mwanamke wa Bukavu, mrefu, mkimya, aliyekuwa amefanya kazi kwenye maghala ya Hayes karibu na uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamkatalia. Tulipogundua kwamba wote wawili tunasema Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Bukoba, akaanza kuniita yaya, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa. Nilifurahi sana. Nilimfundisha kizibo. Nilimfundisha kitani na maji ya moto. Nilimfundisha kama mtu anayegawa mali asiyoamini kama inaweza kuisha.

Siku moja alikuwa anafuta glasi, mimi napita na chupa iliyofunguliwa kumpelekea mgeni. Akainua kichwa.

"Yaya, hiyo chupa haiko muzuri."

"Umejuaje?"

"Iko nanuka kama karatasi yenye imenyeshewa."

Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikaipeleka kwa Anselmo ili anisaidie kumcheka. Anselmo akanusa, akafumba macho, akanusa tena, akaimwaga kwenye sinki. Kizibo kilikuwa na ugonjwa unaoharibu mvinyo. Akauliza ni nani aliyegundua, na mimi, ambaye ningeweza kukaa kimya, nikasema ni Furaha. Nataka mjue kwamba siku hiyo nilisema ukweli. Ilinichoma, lakini nilisema.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema mama yake alikuwa anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, na kwa kuwa mama alikuwa na mafua ya kudumu, yeye Furaha tangu akiwa mdogo ndiye aliyenusa mapipa na kusema lipi tayari na lipi limeharibika. Mnaona? Ndizi zile zile. Mimi niliweka sikio kwenye ubao, yeye aliweka pua, na kumbe pua ndiyo iliyokuwa inalipa.

Anselmo alipokaribia kustaafu, meneja alitaka mmoja wetu ashike nafasi yake, na kwanza apelekwe Ufaransa, Champagne kwenyewe, kwa watengenezaji waliokuwa wanatuuzia chupa za fahari. Nilikuwa na miaka kumi na minane ghalani. Furaha alikuwa na mitano. Meneja akatuwekea glasi tatu, akasema zimetoka nyumba moja, miaka mitatu tofauti, tuzipange kuanzia changa mpaka kuukuu. Nikazitazama rangi kama vitabu vinavyosema, nikazipanga kwa sauti ya kujiamini. Furaha hakutazama rangi kabisa. Alizinusa, akazipanga kinyume na mimi, halafu akasema ile ya katikati ilikaa wazi tangu asubuhi. Ilikuwa kweli. Meneja aliifungua asubuhi.

Nilimsaidia kubeba sanduku lake mpaka kituo cha treni. Njia nzima nilimwombea mabaya madogo madogo: treni ichelewe, mvua imnyeshee, Wafaransa wasimwelewe. Kifaransa anakijua kuliko Kiingereza, hata hilo dua halikunisaidia.

Aliporudi tulikaa kantini na chai, akanisimulia. Haya ninayowaambia kuhusu jinsi shampeni ya fahari inavyotengenezwa, mjue nimeyapata kinywani mwake. Mimi sijafika huko mpaka leo.

Alisema mahandaki yamechimbwa kwenye mwamba wa chaki, marefu kama njia za treni za chini, na ukipitisha kidole ukutani kinatoka cheupe na chenye unyevu. Alisema shampeni ya kawaida ni mchanganyiko wa miaka mingi, ili mwaka huu ifanane na mwaka jana. Lakini ukija mwaka mzuri kweli, zabibu zimeiva bila kuoza, uchachu upo na utamu upo, hapo wanatenga sehemu ya zabibu za mwaka huo peke yake na kuandika mwaka wake kwenye lebo.

"Najua," nikasema.

"Wanakamua pole pole, yaya, hata zile zabibu nyeusi, juisi inatoka nyeupe."

"Najua."

Mvinyo huo ukishaumuka mara ya kwanza, wanauonja, wanauchanganya, wanautia kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha wanaufunga. Humo ndani unaumuka mara ya pili, na hewa inakosa pa kutokea. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kulala chini ya chupa. Hawaitoi. Wanauacha mvinyo ulale juu ya mashapo hayo, kwa zile chupa bora miaka saba, minane, kumi na zaidi, na hapo ndipo unapopata harufu ya mkate na ya karanga.

"Najua, Furaha."

"Na wanafunga na kifuniko kama ya soda."

Hilo sikulijua. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa nawaambia wageni, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa siri, kwamba kizibo hiki unachokiona, bwana, kimekaa kwenye chupa hii tangu siku ya kwanza. Kumbe miaka yote ile chupa imevaa kifuniko cha bati. Akanieleza jinsi mtu anavyopita mbele ya chupa zilizoinamishwa vichwa chini kwenye mbao zenye matundu, mikono miwili, chupa mbili kwa mara moja, anazizungusha kidogo, anaendelea, wiki baada ya wiki, mpaka mashapo yote yanateremka shingoni. Siku hizi mashine inazungusha nyingi, ila zile za fahari baadhi bado zinazungushwa kwa mkono. Kisha shingo inagandishwa, kifuniko kinafunguliwa, pande la mashapo linaruka nje lenyewe, nafasi inajazwa mvinyo wenye sukari kidogo, na hapo tu ndipo kizibo kinapoingia. Halafu chupa inalala tena ipumzike.

"Kizibo kinaingia mwisho?" nikauliza.

"Mwisho, yaya. Si ulisema unajua?"

Hakusema kwa ubaya. Alicheka, akanisukumia biskuti. Lakini mimi nilirudi ghalani nikaona kila chupa inanicheka.

Kwa miaka minne baada ya hapo nilifanya kazi chini yake. Hakuwahi kunipandishia sauti. Akitaka chupa, alisema "yaya, tafadhali". Wageni wakimsifu, aliwaambia wanishukuru mimi niliyezitunza. Ningependa angekuwa na kiburi. Mtu mwenye kiburi unamwonea wivu huku ukijiona mwema. Furaha alininyima hata hilo.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Chupa nyingi za mvinyo ni za kijani kilichokolea, na rangi hiyo haipo kwa urembo. Mwanga unaharibu shampeni. Zipo nyumba zinazotia chupa zao za fahari kwenye kioo cheupe kabisa, ili mnywaji aone dhahabu iliyomo, na hizo wanazifunga kwa karatasi laini ya plastiki yenye rangi ya asali. Karatasi ile unaitoa dakika unayofungua, si kabla. Ukiiacha chupa nyeupe juani hata saa moja tu, inaanza kunuka kabichi iliyochemshwa. Huwezi kuirekebisha.

Mzee Pinto na mkewe walikuwa na chupa sita za namna hiyo kwetu. Ni Wagoa waliozaliwa Kenya, wakaja Wembley wakiwa vijana. Mimi naishi mitaa miwili kutoka kwao. Walizinunua kupitia hoteli, wakaomba zilale ghalani kwetu mpaka watakapotimiza miaka hamsini ya ndoa. Zililala miaka kumi na miwili. Kila nilipokutana na Mzee Pinto sokoni alikuwa ananiuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Kamugisha, watoto wangu wamelala vizuri?" Nami najibu, "Wamelala, mzee." Nilikuwa nawapangusa vumbi kwa mkono wangu. Na ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshaamua kwamba siku hiyo nitazifungua mimi.

Wiki moja kabla, Furaha akanionyesha ratiba ya karamu. Chakula cha mchana, watu kumi na wanne. Mvinyo: Furaha. Nikamuuliza kama ningeweza. Akasema, "Meneja ameandika mimi, yaya. Lakini nitamuuliza." Alimuuliza kweli. Meneja akakataa.

Asubuhi ya siku yenyewe Chloe, msichana wa idara ya sherehe, akashuka ghalani. Alitaka chupa nne azipange juu ya meza ndogo kwenye dirisha kubwa la ukumbi, pamoja na maua na picha ya harusi. Akasema zitapendeza zaidi bila zile karatasi za njano.

"Furaha amekubali?" nikauliza.

"Simpati kwenye simu. Anaingia saa tano. Zitakaa hapo tu mpaka wageni wafike."

Sentensi ilikuwa mdomoni mwangu. Ni fupi: hizi hazikai kwenye mwanga. Mtoto angeweza kuisema. Badala yake nikatoa chupa ya kwanza, nikabandua karatasi, nikaikunja. Ya pili, nikaikunja. Nilikuwa namwona Furaha mbele ya watu kumi na wanne, glasi mkononi, hajui la kufanya na uso wake. Niliiona picha hiyo vizuri, na iliniburudisha. Nikamkabidhi Chloe chupa nne, nikamfungulia mlango.

Ilikuwa siku ya jua, siku ambazo London inatupa chache. Chupa zilikaa dirishani tangu saa tatu mpaka karibu saa sita. Furaha alipoingia alikwenda jikoni moja kwa moja kuongea na mpishi mkuu, na alipofika ukumbini chupa zilikuwa tayari kwenye ndoo za barafu, zimevuliwa karatasi. Akadhani ni mimi niliyezileta juu dakika ile. Aliniamini.

Saa saba kasoro nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Alisimama mlangoni mwa ghala, uso umempauka.

"Yaya, zile chupa zilikala wapi leo asubuhi?"

"Hapa hapa."

"Zote ine zimekufa. Ziko nanuka kabichi."

"Bahati mbaya," nikasema.

Alikuwa anatazama meza yangu. Karatasi nne za rangi ya asali zilikuwa pale, zimekunjwa mara nne nne, kingo sawasawa, kama ninavyokunja kila kitu. Akazitazama, akanitazama mimi. Nilingoja aseme.

"Njo vile," akasema, ndiyo hivyo ya kwao. "Bahati mbaya."

Akachukua zile chupa mbili zilizobaki, akazifunika kwa aproni yake, akapanda.

Nilimfuata. Nikasimama nyuma ya mlango wa wahudumu, wenye kidirisha cha kioo. Nilikuwa nimeitaka picha ile na sasa niliipata, ila haikuwa ile niliyoichora. Furaha alisimama kati ya Mzee Pinto na mkewe, akaongea nao kwa Kiswahili, mikono ameiweka nyuma.

"Papa, mama, chupa ine zimeharibika. Zilikuwa nzuri mupaka leo asubuhi. Zimeharibika mukononi mwetu, na ghala iko yangu. Kosa ni yangu. Zimebaki mbili."

Mzee Pinto hakupandisha sauti. Alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua. "Miaka kumi na miwili tumengoja," akasema.

Bibi Pinto akanyoosha mkono. "Lete hiyo mbaya ninuse." Akanusa, akakunja pua. "Mama yangu! Bweni la masista kule Nakuru!" Watoto wake wakacheka, wajukuu wakataka kunusa nao, glasi ya kabichi ikazunguka meza nzima. Mzee Pinto hakucheka.

Kisha Furaha akafungua zile mbili. Hata mimi nyuma ya mlango sikusikia kizibo. Akamimina kidogo kidogo, glasi kumi na nne, akifikia ile ya mwisho kwa kipimo kile kile, hakumpunja mtu. Akawaambia wasinywe kwanza, wanuse. Bibi Pinto alifumba macho na kushika mkono wa mumewe, na Mzee Pinto akaacha ushikwe.

Niliporudi ghalani baadaye nilikuta glasi juu ya meza yangu, pembeni ya karatasi zile. Chini kabisa mlikuwa na kidole kimoja cha mvinyo, ule wa Mzee Pinto. Tangu enzi za Anselmo mtunza ghala huwekewa kidole cha mwisho. Furaha alikuwa ameniwekea. Niliunywa nikiwa nimesimama. Mkate uliotoka tanuruni, karanga, tufaha la kuokwa, na chini yake kitu kama jiwe lililoloweshwa na mvua. Sikuwahi kuonja kitu kama kile na sijaonja tena. Nilitamani ungekuwa mbaya.

Meneja alimwandikia Furaha barua ya onyo na kumwondolea madaraka ya kuchagua mvinyo wa hoteli. Alimuuliza ni nani aliyetoa chupa. Akajibu ghala ni lake. Akaja kazini kesho yake kama kawaida. "Habari za asubuhi, yaya." Siku nane alinisalimia hivyo, na siku nane nikazidi kumwonea wivu, safari hii si pua wala cheo. Nilimwonea wivu jinsi alivyolibeba kosa langu vizuri kuliko nilivyoweza kulibeba mimi mwenyewe. Nikaona hata hili ameninyang'anya. Basi siku ya tisa nikaenda kwa meneja, nikasema ni mimi.

"Hukujua kuhusu mwanga?" akauliza.

"Nilijua."

"Kwa nini, basi?"

"Wivu."

Akavuta fomu yake. Akaandika "uzembe". Nikamwambia hapana, mimi si mzembe, sijawahi kuwa mzembe. Akasema fomu yake haina nafasi ya wivu.

Furaha alirudishiwa madaraka yake. Mimi nilinyang'anywa ufunguo na kupelekwa kwenye stoo ya vitambaa, ambako nilimalizia miaka yangu miwili. Nilikwenda pia nyumbani kwa Wapinto kuwaambia. Bibi Pinto alinipa chai na mandazi, akasema yamekwisha. Mzee Pinto alibaki chumbani. Nilimsikia anakohoa, lakini hakutoka, na mpaka leo akiniona sokoni anavuka upande wa pili.

Siku yangu ya mwisho Furaha alikuja stoo ya vitambaa, akakaa juu ya furushi la mashuka.

"Yaya, ulikuwa unanichukia?"

"Hapana. Nilitaka kuwa wewe."

Akatikisa kichwa pole pole. "Ni ajabu. Mimi nilikuwa naona wewe, saa ya kazi ikiisha, unavaa koti mbio mbio, unasema mama Koku anangoja nyumbani. Kila siku. Mimi nilikuwa navaa koti pole pole. Nilikuwa nakuonea wivu mupaka natoka na mulango ya nyuma."

Ndipo nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote angelimuuliza wiki ya kwanza: nyumbani ana nani? Akaniambia. Mume alipotelea vitani. Mama yake, yule mwenye mafua, alifariki Furaha akiwa hapa anangoja karatasi za ukimbizi, hakuweza kwenda kumzika. Chumba Hayes, na kanisa Jumapili. Miaka kumi na mmoja nilijua anavyonusa, anavyoshika glasi, viatu vyake vinavyolia kwenye ngazi. Sikujua Krismasi anakula na nani. Alikuwa anakula peke yake.

Nikamwalika Jumapili. Vijana wangu, nisiwadanganye kwamba moyo ulikuwa umetakata. Nilimwalika kwa aibu, na nusu nilitumaini atakataa.

Alikuja Wembley na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, ameifunga kwa taulo. Mke wangu Justina alionja kwa ncha ya kijiko, akamwita Furaha "mdogo wangu" kabla hajavua koti. Tukakaa mezani. Binti yangu Koku amezaliwa hapa hapa London. Tangu hajaota meno namsemesha Kiswahili, na miaka ishirini na miwili ananijibu kwa Kiingereza. Nilishakubali kwamba ndivyo alivyo. Furaha akamuuliza kitu kuhusu chuo, kwa Kiswahili chake kile cha Bukavu.

"Bado mwaka mmoja, mama mdogo," Koku akasema. "Halafu nitatafuta kazi. Naomba sombe tena, tafadhali."

Kwa Kiswahili. Sentensi tatu, hakuna hata kosa. Justina akaacha kutafuna. Furaha hakujua kilichotokea, akampakulia, akaendelea kuuliza, na Koku akaendelea kujibu, wanacheka.

Nikainuka nikasema naleta maji, ili wasione uso wangu. Niliporudi na jagi walikuwa bado wanaongea, na hakuna aliyegundua kwamba nilikuwa nimeondoka.